Kengele ya Kipindi cha Tatu

4 Februari

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Kaa kwanza. Kama umeshika shuka la mgonjwa liweke chini, maana habari hii haisomwi mtu amesimama. Mdogo wako amekuwa mtu mzito. Shule nzima, kuanzia Mkuu hadi paka wa jikoni, sasa inakaa, inasimama, inakula na kwenda haja kwa amri yangu. Mimi ndiye mpiga kengele.

Najua utasema kengele si cheo. Haya, ungekuwepo jana. Mwalimu wa jiografia, yule ambaye kitambi chake huingia darasani kabla yake, alikuwa katikati ya neno. Kasema, "Mto huu unamwaga maji yake katika ba..." nikagonga. Akafunga kitabu! Mpaka leo wale watoto hawajui maji yalikwenda wapi. Hata profesa hana nguvu hiyo, Dada.

Kengele yenyewe ni rimu ya lori. Imening'inizwa kwa mnyororo chini ya paa, nje ya dirisha la Kidato cha Kwanza, nami naigonga kwa kipande cha nondo. Pigo moja, kipindi kimekwisha. Mawili, mapumziko. Mfululizo bila kupumua ni hatari: moto, nyoka, chochote kile, watu wote mbio uwanjani. Huo mfululizo bado sijaupiga na mkono unaniwasha, lakini usiogope, nimekuahidi.

Bwana Nukta hajabadilika. Mkuu wako mpenzi, aliyekufundisha wewe ukatoka na cheti, akanifundisha mimi nikatoka mbio, bado anaifunga kila amri kwa neno lile lile kama karani anayegonga muhuri. Siku ya kwanza alinisimamisha chini ya rimu.

"Kengele haikosei. Ikilia, imelia, na mwalimu anatoka hata kama mdomo uko wazi. Nukta."

"Na saa ya ukutani ikikosea, Mkuu?"

"Saa inaweza kukosea. Kengele haikosei. Nukta."

"Na mpigaji je?"

Akanitazama kuanzia nywele mpaka ndala. "Mpigaji yuko kwenye kipindi cha majaribio. Mpaka mwisho wa Aprili. Nukta."

Amenipa koti la kazi, la buluu, linafika magotini. Nikilivaa nafanana na daktari. Sisimizi anasema nafanana na muuza sumu ya panya. Huyu mdogo wetu tangu aingie Kidato cha Kwanza ulimi umemwota, lakini kichwa kipo. Nikiwa kwenye rimu namwona dirishani, dawati la mbele, anazitafuna hesabu kama karanga.

Baba mzima. Akitoka lindo analala, akiamka anasikiliza kipindi chake cha matangazo ya vifo redioni, kisha anarudi lindo. Nilipomwambia nimepata kazi alisema, "Mh." Kwa Baba hiyo ni hotuba.

Asante kwa kunisemea. Ningekupigia, ila huko kwenu simu zinafungiwa kabatini. Tena barua ni bora, huwezi kunikatiza.

Mkurugenzi Mkuu wa Vipindi Vyote,
Mdomo


15 Februari

Mdomo mdogo wangu,

Marahaba. Barua nimeisoma nimesimama, kwa sababu hapa kufulia hakuna viti. Ni mashine, mvuke, na marundo ya mashuka ya hospitali nzima. Wenzangu walitaka kujua nacheka nini, nikawasomea pale pa mto. Sasa humu mtu akikatizwa maneno, wote wanadakia, "Maji yalikwenda wapi?"

Nimeshacheka, sasa nisikilize. Kumpigia Mkuu ilibidi niombe simu ya ofisi kwa msimamizi wangu kana kwamba naomba figo. Na Mkuu aliniuliza, "Ni yule yule aliyewafungia walimu ofisini akatupa ufunguo chooni?" Nikasema ni yule yule, ila amekua. Kisha akasema, "Nitamchukua kwa ajili yako. Siyo kwa ajili yake. Nukta."

Umeelewa hapo? Katika lile koti la daktari umebeba jina langu. Tangu Mama afariki ada ya Sisimizi naivuta peke yangu, na mshahara wa lindo wa Baba unaujua. Ukivuka hayo majaribio ukaajiriwa, tutavuta wawili. Usipovuka, sijui mwakani mtoto atasoma kwa nini. Sikuambii ili uogope. Nakuambia ili kila ukiinua hiyo nondo ukumbuke.

Sisimizi hajambo? Bado anaruka kamba? Mwambie nimemnunulia mdoli mzuri sana, anafumba na kufumbua macho. Nitampelekea nikipata likizo.

Dada yako


9 Machi

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Napiga kengele mpaka jogoo wa jirani ameacha kazi. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyewahi. Mwalimu wa kemia aliniletea chai chini ya rimu akaninong'oneza nimpunguzie kipindi cha mwisho cha Ijumaa, dakika chache tu, ana safari. Nikainywa chai. Kipindi sikukipunguza. Mtu mwaminifu kama mimi utamtafuta kwa tochi.

Habari za mdoli nilizifikisha. Sisimizi alinitazama kama Bwana Nukta.

Huyu mtoto simwelewi siku hizi. Kuna siku hakuenda shule, akasema tumbo. Mwezi uliopita vivyo hivyo, tumbo. Na juzi alfajiri nimetoka uani nikamkuta gizani anafua shuka. Unanijua, nafasi kama hiyo siiachi ipite. Nikasema, "Ehee, kikojozi! Mtu mzima wa Kidato cha Kwanza na bado unamwagilia godoro?" Nilisubiri kurushiwa beseni. Akachuchumaa palepale akalia, kilio kile kisicho na sauti. Nikabaki nimesimama kama nguzo. Tukasemezana kidogo, halafu nikaambiwa nifunge mdomo, na nimeufunga. Andika tarehe hii ukutani, haijawahi kutokea.

Jambo jingine. Wakaguzi wanakuja mwanzo wa Aprili na Bwana Nukta halali. Kila jiwe la njiani limepakwa chokaa, na juzi mlinzi wa geti alisimama mahali pamoja kidogo tu naye nusura apakwe. Vyoo vya wasichana kule nyuma bado vina magunia badala ya milango, ila wageni hawatapita huko, nukta. Wataketi Kidato cha Kwanza, kipindi cha tatu, hesabu. Yule mama mwalimu mwenye miwani ya kamba ameshachagua nani ataitwa ubaoni mbele ya wageni. Unamjua? Anaishi nyumbani kwetu na urefu wake unanifika kifuani. Nimejitengea nafasi nzuri dirishani nisikose kitu.

Jenerali wa Rimu,
Mdomo


18 Machi

Mdomo,

Kwa kifupi, nimepangiwa zamu mbili, macho hayafunguki. Nafurahi kuhusu ubaoni. Mama angeimba.

Huko kukojoa usimcheke. Ni mawazo, anamwota Mama. Asinywe maji usiku, nawe umwamshe kabla hujalala. Kitapita, ni kipindi tu, watoto wote hupita humo.

Na siku ya wakaguzi gonga pale unapotakiwa kugonga, basi. Usiongeze chumvi.

Dada yako


8 Aprili

Mdomo,

Leo nimeitwa ofisini katikati ya kazi, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko. Msimamizi ananinyooshea simu bila kunitazama. Nilijua Baba amekufa. Nimeshika ile simu nikijua Baba amekufa.

Alikuwa Mkuu wa Shule. Kipindi cha tatu hakijafika hata nusu, wageni wameketi, mwalimu anafundisha, na wewe umepiga kengele ya hatari. Mfululizo, bila kupumua. Shule nzima imekimbilia uwanjani. Mkaguzi mkubwa kaanguka kwenye mawe ya chokaa, miwani imevunjika, goti limechunika. Hakuna moto. Hakuna nyoka. Na ulipoulizwa mbele ya watu wote kwa nini, ukajibu, "Nilitaka kuona kama inasikika."

Wameshakufukuza. Mkuu anasema hata koti la kazi hujarudisha, kwa hiyo umeongezea na wizi. Akamaliza kwa kuniambia, "Uliniambia amekua." Safari hii hakusema nukta. Alikata simu tu.

Msimamizi alikuwa amesikia yote. Nimerudi kwenye mashine.

Niambie si kweli. Nidanganye ukitaka, lakini niambie si kweli.

Dada


13 Aprili

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Ni kweli. Na inasikika.

Dada, inasikika vibaya mno! Ungemwona mwalimu wa jiografia, aliamua kupitia dirishani, kitambi kikakataa, akabaki nusu darasani nusu nje anapiga kelele, "Nivuteni, jamani, nivuteni!" Mwalimu wa kemia alimpita Bwana Nukta kwa mbio za fisi. Mpishi alitoka na mwiko. Wageni, watu wazima na suti zao, wamezunguka jengo kwa nyuma hawajui uwanja uko wapi. Historia ya shule ile itagawanywa, kabla ya siku hiyo na baada yake.

Kwa nini? Mkono uliniwasha. Si nilikuambia tangu mwanzo? Nimekaa pale wiki na wiki, ti, ti, ti, kama mtu aliyefungwa kwenye saa. Mtu kama mimi hawezi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kitoto, nitapata nyingine, watu wananigombania.

Koti limepotea. Sijui lilikokwenda. Mwambie Mkuu nitamtafutia jingine siku nikiwa tajiri.

Baba hakusema kitu. Hata "mh" hakusema. Ameihamishia redio chumbani kwake na mlango anaufunga.

Usimwandikie Sisimizi kumuuliza. Hajui lolote, alitoka wa mwisho.

Jenerali Mstaafu,
Mdomo


19 Aprili

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali unaposema samahani. Hapapo. Kuna kitambi, kuna mwiko, kuna mbio za fisi.

Nilikusemea kwa sababu nilikuwa najiambia kwamba chini ya mdomo ule kuna mtu. Ada ya mtoto ilitegemea huyo mtu. Sasa nitamwambia nini mwakani? Kwamba kaka yake alikuwa anawashwa?

Usiniandikie tena mpaka uwe na neno moja lenye maana.

Dada


28 Aprili

Kwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Barua hii naituma pamoja na kifurushi na kaka hajui. Tafadhali usimwambie kwanza, soma yote.

Ndani ya kifurushi kuna koti la kaka la shule. Hakuiba na halikupotea. Nililificha juu ya dari kwa sababu lina doa. Nimelifua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nimelisugua mpaka vidole vimechubuka, doa ndiyo likazidi kushika. Wewe unafua hospitali, nimefikiri utajua.

Dada, mimi sikuwa nakojoa. Nimeanza siku zangu tangu Januari. Mara ya kwanza nilidhani naumwa ugonjwa wa Mama nami nitakufa. Sikuwa na wa kumwambia. Baba siwezi. Wewe ulinitumia salamu za mdoli. Nilikuwa nachana kanga ya Mama ya zamani kidogo kidogo. Siku kaka aliponikuta nafua akanicheka, nikamwambia siyo mkojo, ni damu. Alisimama vile, halafu akasema, "Basi, nimekoma." Akachukua beseni akamwaga yale maji yeye. Toka siku hiyo hakunitania tena kwa hilo. Wakati wa tumbo alikuwa anakwenda mwenyewe dukani kuninunulia pedi na pesa yake ya chai. Alimwambia muuza duka ni za kuziba bomba linalovuja, maduka yote ya mtaa yakamcheka.

Siku ya wakaguzi damu ilikuja kabla ya wakati wake. Sikujua mpaka nilipokuwa nimeketi, kipindi cha tatu kimeshaanza. Tulikuwa tumevaa ile sketi nyeupe ya siku za wageni. Asubuhi tulikatazwa kuvaa sweta ili tupendeze. Wageni walikuwa wamekaa nyuma yangu, ukuta mzima. Mwalimu akaniita ubaoni. Sikuinuka. Akaita tena, akidhani naona haya. "Nenda mama, waonyeshe wageni." Wavulana wakaanza kucheka. Mara ya tatu akaja kunishika mkono aniinue. Nilishikilia dawati, Dada. Nikatazama dirishani na kaka alikuwa pale, ameegemea, anatabasamu akingoja nishangaze watu. Sikumwambia kitu. Nilimtazama tu. Nikaona lile tabasamu limeanguka.

Halafu kengele ikalia, ile mbaya. Mwalimu aliniachia. Watu wote walikimbia, hakuna aliyetazama kiti cha mwenzake. Darasa lilipobaki tupu koti likaingia dirishani likanifunika kichwa. Kaka hakuacha kugonga. Alikuwa amegeuza uso kule ili asinione, anagonga tu, mpaka nilipofunga koti kiunoni nikatoka kwa mlango wa nyuma na kukimbilia nyumbani. Nilifika kwenye kona ya duka bado naisikia.

Jioni nilimwambia nitakwenda kwa Mkuu niseme. Akakasirika, sijawahi kumwona vile. Alisema, "Ukisema, watakumbuka wewe mpaka uzeeke. Mimi nimeshazoea kukumbukwa vibaya." Halafu akaanza kuiga mwalimu wa jiografia dirishani mpaka nikacheka.

Lakini usiku simsikii akikoroma kama zamani. Na Baba anampita kama mlango. Leo kaka ameomba kazi ya kubeba mchanga wakamjibu, "Wewe si ndiye yule wa kengele?"

Nisamehe kwa ajili ya ada. Naweza kuacha shule nikatafuta kazi kama hiyo yako.

Mdogo wako wa mwisho,
Sisimizi


8 Mei

Mdogo wangu,

Nilikuambia usiniandikie, sasa mimi ndiye nakuandikia.

Sisimizi ameniambia. Usimgombeze. Alibeba mpaka pakamshinda, na hakuna aliyemsaidia kubeba ila wewe.

Kila siku ya Mungu natoa damu kwenye mashuka ya watu nisiowajua. Hiyo ndiyo kazi ninayolipwa. Najua ya jana inatokaje, najua ya leo inatokaje. Na mdogo wangu mwenyewe alikuwa anachana kanga ya Mama gizani, mimi nikaandika asinywe maji usiku. Nimeisoma ile sentensi yangu kichwani mpaka nimeshindwa kula. Mdoli nimempa mtoto wa mwenzangu.

Koti hili hapa. Maji ya moto ndiyo yaliyoliharibu, mwambie siku nyingine yawe ya baridi, ya baridi kabisa, na chumvi. Wenzangu watatu tumelishughulikia saa ya mapumziko, kila mmoja na dawa yake. Sikuwaambia ni la nani wala kisa chake, na kwa mara ya kwanza hawakuuliza. Nje limetakata kuliko siku ulipopewa. Ndani, kwenye bitana, kimebaki kivuli kidogo hakitoki. Kiache.

Kifurushi kingine ni cha Sisimizi, usikifungue. Mna barua yake ya kurasa nyingi, mambo ambayo Mama angemwambia. Na mwambie nikisikia tena neno la kuacha shule nitakuja kwa miguu. Nimeomba zamu ya Jumapili, nimepewa. Ada itapatikana.

Sasa nakuomba. Niruhusu nimpigie Mkuu. Sitamwambia yote, nitamwambia tu kwamba palikuwa na sababu. Sisimizi mwenyewe anakubali. Kazi ile ilikuwa yako. Na Baba je? Utamwacha Baba hivyo?

Nilikuwa nimeandika hapa maneno mengine ya kukuomba radhi, nikayafuta, yalikuwa yanafanana na hotuba. Nilisema chini ya mdomo ule kuna mtu. Basi.

Dada yako


23 Mei

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Usimpigie Mkuu. Nakuomba kwa heshima zote nilizo nazo, na unajua si nyingi, kwa hiyo usizipoteze.

Sababu ni hii. Ukisema "palikuwa na sababu," yule mzee ana akili, ataitafuta mpaka aipate. Ataiweka kwenye kikao. Kikao kitatoka nje, walimu wanasema kuliko wapishi. Mwisho wa wiki wavulana wa Kidato cha Kwanza wataijua, nao wameketi nyuma yake kila kipindi mpaka amalize shule. Kazi nitapata nyingine. Yeye ana darasa lile moja tu.

Na kweli nimepata. Wakaguzi, wakati wanakimbia moto wangu, si walizunguka jengo kwa nyuma? Walitokea wapi? Mbele ya vyoo vya wasichana, uso kwa uso na yale magunia. Mmoja aliangukia ndani kabisa. Taarifa yao imekuja: milango, haraka. Seremala aliyepewa kazi ana mgongo mbovu na hapendi maneno, lakini mbao ni nzito na kibarua mwenye nguvu hakuwa naye. Kwa hiyo mdogo wako amerudi shuleni na mlango kichwani. Mlinzi wa geti alikataa kunifungulia. Seremala akamwambia, "Basi njoo ubebe wewe." Nikafunguliwa. Kibarua chenyewe kinaisha wiki hii, baada ya hapo sijui.

Mpiga kengele mpya ni janga. Anagonga kama anabisha hodi kwa mkwe. Jana kipindi cha pili kilikwisha mara mbili.

Koti nilimpelekea Bwana Nukta juzi. Nililikunja vizuri, upande safi nje. Nilitaka kuliweka mezani na kuondoka, akasema, "Simama." Akalikunjua. Mzee huyu hata daftari hukagua mpaka nyuzi. Akageuza mkono, akageuza kola, akageuza bitana. Akakiona.

Nikawahi. "Rangi hiyo, Mkuu. Rangi ya madirisha."

"Sijakuuliza."

Akakaa amelishika. Nje ya dirisha lake seremala alikuwa anapigilia bawaba, na huko nako akaangalia, kisha akalitazama tena koti, kisha mimi. Akauliza, "Nani amelifua?"

"Dada yangu, Mkuu."

"Alipokufa mama yenu, yeye alikuwa tayari yuko huko mbali?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Na nyumbani kuna nani?"

"Baba. Na mimi. Na mdogo wetu wa kike."

Akalikunja koti taratibu, bitana ikawa ndani. Nilingoja anirudishie kazi, sitaki kukudanganya. Hakunirudishia. Akasema, "Kengele ya hatari haipigwi bila hatari." Nikangoja ile nukta yake. Sikuipata, Dada. Mdomo wake ulibaki wazi kidogo kama wa mwalimu wa jiografia. Halafu akanionyesha mlango kwa kidevu, nikatoka.

Kuhusu Baba, hapana. Kumwambia Baba ni kumwambia habari za binti yake, na Sisimizi atashindwa kumwandalia chai. Mwache aniite mpumbavu moyoni. Jana alirudi kutoka lindo akanikuta nimelala na viatu vya seremala, vya chuma mbele, akanivua. Nilijifanya nimelala. Asubuhi alinipita tena kama mlango. Siku moja labda atasema "mh."

Sisimizi hajambo. Kifurushi chake sikukifungua, ila nimeona amekipanga kabatini kama duka. Jana ameitwa ubaoni. Nilikuwa napita na mlango wa mwisho kichwani, nikamwona ameinuka, ameenda, ameandika mpaka chaki ikavunjika. Hakunitazama. Vizuri, angeniangushia mlango. Mapumziko yalipolia, au tuseme yalipobisha hodi, alikuja akaingia kwenye kile choo cha kwanza nilichokimaliza, akafunga komeo kwa ndani. Nilikuwa nimegeuka kule, napiga mluzi. Nikamsikia analifungua na kulifunga tena, analifungua na kulifunga. Halafu akasema kwa ndani, "Kaka, linashika."

Unanijua, Dada. Nimejisifia mambo mengi ambayo sikuyafanya. Hili usimwambie mtu. Wakikuuliza hapo kufulia kwa nini mdogo wako alifukuzwa kazi, waambie alitaka kuona kama inasikika.

Mdogo wako